Chujio la kuosha au la karatasi? Muulize vumbi

Nikifungua boneti mbele ya watu siku hizi, haipiti dakika tano bila mtu kuuliza: "Kaka, mbona hujaweka ile ya kuosha? Unanunua mara moja, basi." Muulizaji huwa ameona picha ya chujio jekundu la hewa ya injini, lenye umbo la koni, na maelezo yanayoahidi mambo matatu kwa mpigo: gari litaongeza nguvu, litapunguza kula mafuta, na hutanunua tena ea klina, yaani chujio la hewa, maisha yako yote.

Nami niliwahi kuziamini ahadi hizo. Nilifunga chujio la kuosha kwenye RAV4 yangu ya lita 2.0 na kutembea nalo miezi minane, Arusha na barabara zake za pembeni. Nitasema kilichotokea. Lakini kabla ya hapo inabidi tuelewane kuhusu kazi ya chujio lenyewe, kwa sababu mjadala huu hukwama pale pale kila siku: watu hudhani machujio haya mawili yanafanya kazi ile ile, na tofauti iko kwenye bei tu.

Tuanze na hewa. Ili kuunguza kilo moja ya petroli sawasawa, injini inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, kwa hiyo inadai kilo 11 hivi za hewa. Hewa ya usawa wa bahari ina uzito wa kilo 1.2 tu kwa kila mita ya ujazo. Ukipiga hesabu unapata kwamba kila lita ya petroli inakwenda na lita 9,000 za hewa, sawa na mapipa 45 yale ya lita 200. Ukimaliza tangi la lita 50, injini imeshavuta hewa ya kujaza mapipa zaidi ya 2,000, na yote imepita kwenye kitu chenye ukubwa wa daftari la shule.

Sasa angalia kilichomo kwenye hewa hiyo. Sehemu kubwa ya vumbi la barabara za udongo ni silika, yaani mchanga uliosagika hadi kuwa unga, na chembe zake za kwatsi ni ngumu kuliko chuma cha kuta za silinda. Zile kubwa unazoziona kwa macho si tatizo, chujio lolote litazizuia. Zinazoumiza ni za mikroni 5 hadi 20 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele mmoja wa kichwani una unene wa mikroni 70 au karibu yake. Utando wa oili kati ya ringi za pistoni na silinda ni wa mikroni chache tu, kwa hiyo chembe ya ukubwa huo inaingia pale na kufanya kazi ya msasa. Ringi zinalika, mgandamizo unashuka, oili inapanda juu na kuungua, na siku moja unaona moshi wa bluu nyuma na fundi anakwambia gari linakula oili. Kama kuna tabo (turbo, kifaa cha kusukuma hewa zaidi kwenye injini), bapa zake ndizo zinazopigwa na mchanga kwanza.

Madhara haya huja polepole, baada ya makumi ya maelfu ya kilomita. Aliyefunga chujio baya halioni kosa lake siku ile wala mwezi ule. Mara nyingi halioni kabisa, maana gari limeshauzwa kwa mtu mwingine.

Chujio si chekeche

Wengi hulifikiria chujio kama chekeche, kwamba punje kubwa kuliko tundu inabaki juu na ndogo inapita. Kumbe mapengo mengi ya karatasi ya chujio ni makubwa kuliko chembe linazozinasa. Afadhali ufikirie kichaka kinene. Hewa inapenya ikipindapinda kati ya nyuzi. Chembe nzito haiwezi kupinda haraka kama hewa, inafanana na bodaboda aliyeingia kona kwa kasi, inakwenda moja kwa moja na kugonga uzi. Chembe nyepesi zaidi zinapita kando ya uzi na kunaswa ubavuni. Zile ndogo kabisa hutangatanga huku na huko hadi ziguse kitu, na zikigusa zinabaki hapo.

Halafu vumbi lenyewe linageuka kuwa sehemu ya chujio. Aliyewahi kukamua nazi kwa kifumbu analijua hili bila kufundishwa. Tui la mwanzo linapita kwa kasi na lina chicha ndani yake. Chicha ikishajipanga kwenye kuta za kifumbu, tui linatoka taratibu zaidi lakini safi zaidi. Karatasi nayo iko hivyo. Chujio lililotembea kilomita elfu kadhaa linachuja vizuri kuliko siku lilipotoka kwenye boksi, mpaka lifike mahali ambapo hewa inaanza kupita kwa shida. Ndiyo maana mtu anayebadilisha chujio zima kila anapoona rangi ya kahawia anajiumiza mara mbili: anatupa chujio lililofikia ubora wake, na kila anapofungua boksi anatoa nafasi ya vumbi kudondokea upande safi.

Kwa hiyo chujio lina kazi tatu zinazovutana. Linase vumbi, lipitishe hewa, na lihifadhi vumbi jingi kabla ya kuziba. Ukizidisha moja, nyingine inapungua, isipokuwa uongeze ukubwa wa chujio. Karatasi hutatua ugomvi huo kwa mikunjo. Lile umbo la kodiani linaingiza kwenye boksi dogo karatasi ambayo ukiikunjua ni kubwa mara nyingi kuliko eneo la boksi, na hewa ikigawanywa kwenye eneo kubwa inapita taratibu bila kubanwa.

Chujio la pamba, ambalo ndilo lile la kuosha, limechagua njia nyingine. Ni tabaka kadhaa za kitambaa chepesi cha pamba, mfano wa bendeji ya hospitali, zilizobanwa kati ya wavu wa waya na kulowekwa oili maalumu yenye kunata. Kitambaa chenyewe kiko wazi sana. Ukikiinua kikavu unaona upande wa pili. Kazi ya kunasa inafanywa na oili. Kampuni ya K&N, iliyoanzishwa California mwaka 1969 na Ken Johnson na Norm McDonald, watu wa mbio za pikipiki, ndiyo iliyolipa umaarufu chujio la aina hii, na asili hiyo ya mashindano ukumbuke, tutairudia.

Kuna pia machujio ya sponji, yanayotiwa oili na kuoshwa, na yale ya nyuzi za kutengenezwa yanayooshwa bila kutiwa oili. Haya ya mwisho ni mageni kwetu, ila yanaondoa angalau tatizo moja nitakalolieleza chini.

Wala wazo la chujio lisilotupwa si jipya kwetu. Land Rover za zamani, zile za Series, na matrekta mengi ya wakati ule, zilikuwa na bakuli la oili chini ya boneti. Hewa iliingia kwa kasi, ikageuzwa ghafla juu ya oili, vumbi likanasa na kuzama. Ulimwaga tope, ukaosha bakuli, ukatia oili mpya. Mzee yeyote aliyeendesha gari hizo atakusimulia. Viwanda viliacha bakuli hilo kwa sababu karatasi inanasa zaidi, hasa injini inapozunguka taratibu na hewa haina kasi ya kutosha kurusha vumbi kwenye oili.

Alama 97 na alama 99.5

Machujio ya hewa hupimwa kwa utaratibu wa kimataifa uitwao ISO 5011. Unarusha vumbi lililopimwa uzito na ukubwa wa chembe, kisha unapima lililonaswa, lililopita, na jinsi hewa ilivyobanwa. Karatasi nzuri, ukihesabu maisha yake yote, hunasa zaidi ya asilimia 99. Watengenezaji wa machujio ya pamba wenyewe hutaja viwango vya kuanzia 96 hadi 99.

Ukisoma hivyo unaona kama matokeo ya mtihani, wanafunzi wote wamefaulu, mmoja kwa 97 na mwingine kwa 99.5. Hapo ndipo wengi tunapopotea. Injini haiumizwi na vumbi lililonaswa. Inaumizwa na lililopita. Chukua gramu 100 za vumbi. Chujio la asilimia 99.5 linapitisha nusu gramu. La asilimia 97 linapitisha gramu 3. Tofauti inayoonekana ndogo upande wa mafanikio ni mara sita upande wa madhara.

Tena angalia vumbi gani lilitumika kwenye kipimo. Vumbi la majaribio huuzwa la chembe nene na la chembe laini, na asilimia iliyopatikana kwa vumbi nene haikwambii mengi kuhusu vumbi laini. Madereva wa utalii wanaotoka Arusha wanaijua tofauti hiyo kwa ngozi. Ukishapita lango la Loduare la Ngorongoro lami inaisha, na unaposhuka kuelekea Naabi, lango la Serengeti, unaingia kwenye tambarare zilizolala juu ya majivu ya volkano za Kerimasi na Ol Doinyo Lengai. Mwezi wa nane au wa tisa vumbi la pale ni kama poda. Linaingia kwenye begi lililofungwa zipu, linaingia kwenye saa ya mkononi. Land Cruiser ikiwa ya tatu katika msururu wa magari, haipumui hewa yenye vumbi tena. Inapumua vumbi lenye hewa kidogo.

Je, nguvu inaongezeka?

Inaongezeka, lakini kwa kiasi gani? Hesabu yake haihitaji maabara.

Usawa wa bahari, hewa inasukuma kwa takriban kilopaskali 101 (kilopaskali ni kipimo cha presha). Injini ya lita 2.0 ikizungushwa mara 6,000 kwa dakika, mafuta yamekanyagwa hadi chini, inataka karibu lita 6,000 za hewa kila dakika. Katika hali hiyo ngumu kabisa, chujio jipya la karatasi kwenye boksi lake la kiwandani kwa kawaida hula kilopaskali 1 au 2. Maana yake ni kwamba hata ungelitoa chujio ukalitupa, injini ikavuta hewa tupu, ungepata asilimia 1 au 2 zaidi ya hewa. Chujio la pamba haliwezi kukupa zaidi ya kile ambacho kutokuwa na chujio kingekupa. Linakupa sehemu yake.

Linganisha na hili. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na hewa ya pale inasukuma kwa kilopaskali 86 au karibu yake. Gari lisilo na tabo likitoka Dar es Salaam likafika Arusha limepoteza asilimia 15 ya hewa kwa kupanda mlima tu, na madereva wengi hawashtuki. Halafu mtu anakwambia amehisi asilimia moja ya chujio.

Na kama aliondoa boksi la kiwandani akafunga koni wazi ndani ya boneti, huenda amepunguza nguvu. Boksi la kiwandani lina mdomo unaovuta hewa ya nje, nyuma ya taa au kwenye ubavu wa gari. Koni iliyo wazi inavuta hewa iliyopita kwenye rejeta na kuzunguka injini. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30. Umepata moja, umetoa tisa. Kinachomdanganya mwenye gari ni sauti: koni inanguruma kila anapokanyaga mafuta, na sikio linauambia mgongo kwamba gari limechomoka.

Ahadi ya mafuta ni dhaifu zaidi. Gari la petroli linadhibitiwa na kilango cha hewa, throto. Unapotembea kawaida barabarani kilango hicho kimefungwa nusu au zaidi, maana yake injini imezibwa makusudi na mguu wako. Chujio likibana hewa kidogo, mguu unafungua throto kidogo zaidi, na hewa inayofika kwenye silinda ni ile ile. Kompyuta nayo inapima hewa iliyoingia na kutoa mafuta yanayolingana nayo. Mwaka 2009 maabara ya taifa ya Oak Ridge, Tennessee, nchini Marekani, ilichapisha majaribio ambapo magari yenye mfumo wa sindano za mafuta yaliendeshwa yakiwa na chujio lililozibwa hasa, na ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichoshuka ni mchomoko, gari lilichukua muda mrefu zaidi kushika kasi. Gari la zamani la kabureta ndilo lililoongeza ulaji, kwa asilimia chache, kwa sababu kabureta haina akili ya kujirekebisha.

Ukilifikiria tokeo hilo hadi mwisho, linamaliza mabishano mengi. Ikiwa hata chujio lililoziba haliongezi ulaji wa mafuta kwenye gari la kisasa la petroli, chujio linalopitisha hewa zaidi ya jipya litaupunguza kwa njia gani?

Dizeli ni habari nyingine kidogo. Haidhibitiwi kwa kubana hewa, na chujio likiziba sana utaona moshi mweusi na uzito wa gari mlimani. Lakini dawa yake ni kubadilisha lililoziba. Dizeli yenye tabo ndiyo ya mwisho ambayo ningeipa chujio lenye nyuzi za wazi.

Miezi minane

Narudi kwenye RAV4. Jina la aliyelitengeneza chujio lile halina umuhimu hapa. Lilikuwa la pamba, la kukaa ndani ya boksi lile lile la kiwandani, na liliingia vizuri. Miezi ya kwanza sikuona tofauti yoyote, mbaya wala nzuri. Mwezi wa tano nililiosha kama maelekezo yalivyosema, nikalikausha, nikatia oili. Nilipoona rangi haijaenea sawasawa kwenye mikunjo nikaongeza, na nikaongeza tena.

Wiki hiyo hiyo gari likaanza kutetemeka likiwa limesimama, na taa ya injini ikawaka. Fundi alitoa sensa ya hewa, ile wanayoiita MAF, inayokaa kwenye bomba mara tu baada ya chujio. Ndani yake kuna waya mwembamba kuliko uzi wa kushonea, unaopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, na kompyuta inasoma upoaji huo kujua hewa ni kiasi gani. Kwenye mwanga wa tochi waya wangu ulikuwa umevikwa utando wa oili na vumbi, kama uzi wa buibui wa jikoni. Waya uliovikwa hivyo haupoi sawasawa, unatoa taarifa ya uongo, na mafuta yanatoka kwa kipimo cha uongo huo. Akaupulizia dawa maalumu ya kusafishia MAF, akaurudisha, mtetemo ukaisha. Watengenezaji wa pamba hujibu kwamba chujio likitiwa oili kwa kiasi oili haihami, na kosa la kuzidisha lilikuwa langu. Nakubali. Ila chujio ambalo usalama wake unategemea mkono wa mwenye gari kutozidisha wala kupunguza matone ya oili nyumbani Jumamosi, hilo ni jambo la kuliweka kwenye mizani.

Kilichonifanya niliache, hata hivyo, ni kingine. Fundi aliingiza kidole kwenye bomba, upande ule wa chujio unaotakiwa kuwa safi, akakitoa na kukisugua na dole gumba karibu na sikio langu. Nilisikia mkwaruzo. Ulikuwa mwembamba sana, kama sukari kwenye meza, lakini ulikuwepo. Tuliangalia ukingo wa chujio, mpira ulikuwa umekaa sawa. Vumbi lile lilikuwa limepita katikati ya kitambaa.

Chujio la kutupwa ambalo halitupwi

Ningeishia hapo ningekuwa nimeitetea karatasi kupita kiasi, maana gereji zetu zina tatizo kubwa kuliko pamba. Chujio la karatasi kwetu nalo limegeuzwa la kudumu.

"Bosi, hii bado nzima, tunaipiga upepo." Sentensi hiyo nimeisikia Arusha, Moshi, Dodoma. Fundi anashika bunduki ya kompresa, anaisogeza hadi iguse mikunjo, na wingu la vumbi linaruka. Unaondoka umefurahi kwa kuwa umeokoa hela. Tatizo ni kwamba kompresa ya gereji hukaa kwenye presha ya baa 7 au 8 (baa moja ni kilopaskali 100). Mwongozo wa mashine za Caterpillar, ambazo chujio lake la nje limetengenezwa kuvumilia kusafishwa, unaruhusu upepo usiozidi kilopaskali 207, yaani baa 2 na kidogo, na chujio hilo lisisafishwe zaidi ya mara sita. Lile la ndani haliruhusiwi kusafishwa hata mara moja. Hiyo ni mashine ya machimbo. Ea klina ya Noah ina karatasi nyembamba zaidi, na inapigwa upepo mara tatu ya huo.

Upepo huo unatoboa. Na tundu moja linaharibu hesabu yote, kwa sababu hewa, kama maji, inapenda njia nyepesi. Ukitaka kuhakikisha, ingia mahali penye giza, weka taa ya simu upande mmoja wa chujio na uangalie upande wa pili. Mwanga hafifu ulioenea si kitu. Nukta inayong'aa kama nyota ni tundu, na chujio hilo limekufa.

Uko porini na hakuna duka, kuligongagonga taratibu kwenye tairi, uso mchafu ukiangalia chini, kunatosha kukufikisha. Ukiwa na upepo, uwe mdogo, utoke upande safi kwenda upande mchafu, na bunduki ikae mbali na karatasi. Fika mjini ununue jipya.

Ukinunua, tazama ukingo kabla ya kutazama karatasi. Machujio feki mengi yana mpira mgumu au mfupi kwa milimita mbili, halafu boksi lenyewe kwenye gari limepoteza kibanio kimoja na kufungwa kwa waya. Vumbi lisiloweza kupita kwenye karatasi linapita pembeni yake. Chujio la asilimia 99 lisilokaa sawa ni baya kuliko la asilimia 96 lililokaa sawa, hili nalisema bila kusita. Mikunjo iliyolala upande mmoja, gundi iliyoacha pengo kwenye pembe, hivyo pia ni vya kurudisha dukani.

Wanaolihitaji kweli

Nilisema tukumbuke asili ya mashindano. Injini ya mashindano hufunguliwa na kujengwa upya mara kwa mara; ringi zake hazitarajiwi kufika kilomita 200,000. Kwa dereva wa mbio, asilimia moja ya nguvu ina thamani na uchakavu una bajeti yake. Ndiyo mahali chujio la pamba lilipozaliwa, na pale lina haki yake. Hata hivyo vumbi la Safari Rally, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 ikizunguka Naivasha, limewafundisha hata wao kuogopa: magari hufungwa snokeli ili yavute hewa ya juu, kwa sababu mchanga laini uitwao fesh-fesh unaweza kulizima gari.

Pikipiki za mashambani na za motokrosi hutoka kiwandani na sponji ya oili, na inafanya kazi nzuri kwa kuwa ni nene na inabeba tope jingi. Sharti lake ni oili. Naona vijana wa bodaboda wakiiosha sponji kwa petroli, wakaikamua na kuirudisha kavu. Petroli inaila sponji na gundi yake, na sponji kavu ni wavu wa samaki mbele ya vumbi laini.

Kwa gari linaloishi kwenye vumbi, fedha ya chujio la pamba ningeipeleka kwenye snokeli yenye kichwa cha kuzungusha hewa. Kichwa hicho hurusha vumbi zito pembeni kabla halijafika kwenye karatasi. Vingine vina bakuli linaloonyesha vumbi lililomo, dereva anasimama, analimwaga, anaendelea. Karatasi inadumu muda mrefu zaidi na hakuna unachopunguza kwenye kuchuja. Kwa gari la mjini linalotembea lami, karatasi hukaa kilomita 20,000 hadi 40,000, na bei ya chujio moja la pamba pamoja na sabuni na oili yake inanunua ya karatasi kadhaa. Utasubiri miaka kabla hujaona faida. Hoja ya takataka naiheshimu, chujio lililotupwa linaishia kuchomwa moto nyuma ya gereji. Lakini maji ya kuoshea pamba nayo yanaenda mtaroni na oili yake.

Kama umeshalinunua na hutaki kuliacha, lioshe kwa dawa yake na maji ya bomba yasiyo na presha, ukitoa uchafu kutoka upande safi kwenda upande mchafu. Likauke kivulini, usiku kucha kama inabidi. Usilipulize kwa kompresa wala kulianika juu ya jiko. Pitisha oili mstari mmoja kwenye kila mkunjo, kisha uache. Rangi itasambaa yenyewe baada ya dakika 20 au 30. Palipobaki peupe ongeza tone, palipolowa nyonya kwa karatasi ya chooni. Futa bomba lote la ndani kwa kitambaa cheupe chenye unyevu hadi kitoke safi, ndipo ulirudishe chujio na ubane vibanio vyote. Tembea kilomita 1,000 za njia zako za kawaida, fungua tena, pitisha kitambaa kingine cheupe mahali pale pale, kisha ukipeleke juani ukiangalie.